Klavye ya Marehemu Venant

Kintu ya kwanza kupotea mu nyumba ya Kankindi ilikuwa harufu ya mutoto.

Nyiye mulishalea munajua ile harufu, ya maziwa na mafuta ya mawese ku kichwa, yenye mama anaitambua hata macho ikifungwa. Asubui ile, kule Songo, mutaa ya mulimani ya Uvira, Kankindi aliinama kumubusu Inamahoro, kabinti kake ka kunyonya, na pua yake haikupata kintu. Akanusa shingo. Akanusa kwapa. Ilikuwa sawa kunusa sahani yenye ilishaoshwa na kuanikwa.

"Labda niko na mafua," akasema mu roho. Akamufunga kwa mugongo, akashika ufagio. Na pale kwa mugongo akasikia ingine: mutoto alikuwa mwepesi kuliko jana.

Haikukuwa mafua. Lakini mutavumilia kwanza niseme ya jana yake, juu ya jana njo mulango ilifunguliwa.

Venant, bwana ya Kankindi, alikuwa na studio ya picha kule chini, mutaa ya Kasenga. Chumba moja tu, pazia ya bluu nyuma, ordinatere moja, kompyuta, ku meza. Hakuna ndoa wala komunyo ya kwanza yenye haikupita mbele ya mashini yake. Vita ilipoingia Uvira, bantu balikimbia, bengine kuvuka muto Ruzizi, bengine kupanda mulima. Venant akasema, "Nyiye muende, minye nafunga kwanza studio." Bakamukuta pale pale ku kiti yake, mikono ingali juu ya klavye, kile kibao cha kuandikia, na damu imeshuka mpaka chini ya meza. Kankindi alivuka Ruzizi na mimba mu tumbo, akazalia mu kambi ngambo ya Burundi, akarudi na kabinti. Baba hakumuona hata kucha.

Sasa, kwa Barundi ba bonde ya Ruzizi, kilio haiishe yenyewe. Inaondolewa. Kuna siku ya kuganduka: bantu banakusanyika, banakunywa, mujane anatosha, anavua kitambaa ya kilio, na bintu ya marehemu binagawanywa. Mbele ya ile siku hakuna mwenye anagusa chombo yake. Jembe yake hailime. Kinga yake, ile baiskeli, inaikala ku ukuta mpaka magurudumu inalala. Na ku meza ya kuganduka lazima picha ya marehemu iwe pale, na maua pembeni, bantu bamuage.

Hapo njo shida. Muntu mwenye anapiga picha ya bantu bote, yeye anapigwa na nani? Zile chache za Venant zilikuwa mu tumbo ya ordinatere, na ordinatere ilikufa tangu siku za vita.

Pélagie, mama ya Venant, hakutaka kusikia. "Sitamuaga mwana wangu bila sura yake," akasema. "Nitaaga nini? Maua?"

Kiisha Clovis, mudogo wa Venant, akapata disiki mu kopo ya maziwa ya unga, ilifungwa vizuri mu plastiki. Venant alikuwa muntu wa kujipanga. Mbele ya vita aliweka vyote vya mashini ku ile disiki, ili siku mashini ikikufa, disiki iirudishe vile ilikuwa. Clovis akaiingiza. Disiki ikazunguka, ekrani ikawaka, maandishi ikatoka. Lakini klavye ikakataa. Suri, kale kapanya ka kusukuma na mukono, nayo ikakataa. Clovis akatafuta zingine kwa marafiki, akabonyeza mpaka kucha zikauma. Ekrani ikamuangalia tu.

Akapanda Songo kwa shemeki yake.

"Disiki ni ya zamani," akasema. "Haijue hizi klavye mupya za pini bapa. Inataka za pini ya mviringo. Ile ya kaka."

"Ile ya kaka iko chini ya kitanda yangu," Kankindi akasema. "Na bado hatujaganduka."

"Najua."

"Sasa unaniomba nini?"

"Siombe kintu. Naangalia tu chini."

Pélagie, mwenye alikuwa anaikala pale na Kankindi, njo alikata maneno. "Bila picha hakuna kuganduka. Bila kuganduka klavye haiguswe. Bila klavye picha haitoke. Tuzunguke sawa kuku yenye ilikatwa kichwa? Mubebe. Mungu anaona haja yetu."

Bakaenda. Ku studio Clovis akakataa kugusa klavye. "Weye njo bibi yake," akasema, "minye mikono yangu ingali na kazi." Kankindi mwenyewe akafungua kitambaa yenye ilifunga zile bintu, akachomeka klavye, akachomeka na suri ya zamani, ile yenye kampira mu tumbo. Zile bintu zilikuwa chini ya kitanda ku simenti tangu alirudi. Klavye ilikuwa baridi. Suri ilikuwa moto, sawa kintu yenye mukono imeiacha sasa hivi.

Akaiweka pale ku meza haraka.

Ekrani ikauliza swali ku Kifaransa. Clovis akasoma na kidole. "Inasema itarudisha vyote vile vilikuwa siku ile. Na vyote vyenye vilikuya nyuma ya siku ile, vitafutika. Oui ao Non, ndiyo ao hapana."

"Nyuma ya siku ile kuna nini mule ndani?"

"Hakuna. Si ilikufa? Bonyeza Oui, shemeki, mbele kuran ya umeme haijaenda."

Kankindi akabonyeza Oui. Kwa mugongo wake mutoto akashituka na mwili yote, vile muntu anaota anaanguka. Mustari ya kijani ukaanza kutambaa ku ekrani, polepole, sawa konokono.

"Kile butoni ya pembeni ya klavye, pale juu, usikiguse," Clovis akaonya. "Kinasimamisha. Ukisimamisha katikati vyote vinakufa, na picha zote."

Kabla hajamaliza kusema, kuran ikakatika. Radio ya jirani ikanyamaza. Taa ikazimika. Ekrani haikuzimika. Mustari ya kijani ukaendelea kutambaa.

"Labda kuna batri ndani," Clovis akasema. Alijua vizuri hakuna batri. Bakafunga mulango, bakaenda, na hakuna mwenye aligeuka.

Njo ile asubui ya harufu.

Kankindi akiwa anafagia, ufagio ikafika ku mulango, na akaona tundu ya risasi haiko. Ile tundu aliikuta siku ya kurudi toka Burundi, alikuwa anaiziba na kitambaa juu ya mbu. Sasa mbao ilikuwa nzima. Akapitisha kidole. Hakuna hata alama. Ni kama ile risasi haikukuya kamwe.

Inje akasikia mwimbo. Pélagie alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na ile mwimbo ilikuwa ya ndoa. Kitambaa ya kilio alikuwa ameitosha ku kichwa.

"Mabukwe," Kankindi akamuita mama mukwe wake, "mbona umetosha kitambaa?"

"Kitambaa gani? Pika mingi leo, mwana wangu. Venant alienda Bujumbura kununua karatasi, anarudi leo. Atakuwa na njaa ya simba." Pélagie akacheka, uso wake laini sawa wa musichana. Kiisha akaangalia mugongo wa Kankindi, akapunguza macho. "Na weye, hiyo kitenge umefunga ya nini? Hakuna kintu ndani."

Kankindi akarudisha mukono kwa nyuma haraka. Kichwa ya mutoto ilikuwa pale. Lakini alilazimika kuitafuta.

Akaingia ndani, akatosha ziwa, akamupa mutoto. Mutoto akanyonya, akanyonya, akaacha, akamuangalia na macho makubwa bila kulia. Maziwa ilikuwa imekauka, ziwa imelala bapa sawa ya binti mwenye hajazaa. Na ule mustari ku tumbo yake, wenye ulipasuka wakati wa mimba, nao haukukuwa.

Akakimbia. Akashuka toka Songo mpaka kwa Clovis, akamukuta anapiga viatu yake rangi.

"Clovis, tusimamishe ile kintu! Mutoto iko anaisha!"

"Mutoto gani, shemeki?" Clovis akasema na huruma. "Mungu atawapa tu, musiwe na haraka. Kaka alisharudi, iko studio. Nimepita pale, nimesikia anaandika tangu asubui."

Basi Kankindi akasimama mu barabara ya Kasenga, pikipiki zinapita huku na huku, akawa hajui tena kama kichwa yake ni nzima. Ni hapo sauti ikatoka chini, ku kando ya mufereji.

"Weye mwenye mutoto. Unaniona?"

Alikuwa Sidonie, mama mwenye alikuwa anauza ndagala, tule tusamaki twa ziwa, pale na anaombea bagonjwa. Muntu wa ulimi mukali. Alishuka toka Mulenge nyuma ya vita, moshi ingali mu nguo yake, na tangu hapo hakuhama pale ku mufereji. Sahani yake ya ndagala ilikuwa imekanyagwa.

"Nakuona, mama."

"Asante Yezu. Tangu jana jioni bantu banapita juu yangu. Nilizania ni dharau, nikatukana. Kumbe habanione. Hata paka alikula mu mikono yangu sawa mikono haiko." Akainua vidole, na Kankindi akaona jua inapita katikati yake. "Kuna muntu mu hii mutaa anarudisha siku. Na minye nilifika nyuma ya ile siku. Ni nani?"

Kankindi akapiga magoti pale mu vumbi, akasema yote. Sidonie akasikiliza bila kumukatiza, midomo imekazwa.

"Ile chumba, mulisafisha damu na nini?"

"Na maji. Na sabuni."

"Maombi?"

"Tulikuwa tumekimbia, mama. Clovis aliosha tu."

"Sabuni!" Sidonie akatema mate. "Chumba yenye damu ilianguka na haikuombewa haikawie kupangishwa. Jini ya ziwa inapenda pale. Inaikala, inaangalia kiti, inajifunza namna marehemu alikuwa anaketi, namna vidole yake ilikuwa inatembea. Ilikuwa inangoja tu muntu mwenye haki aiambie ndiyo. Nyiye mukaenda kuchukua chombo ya muntu mwenye hajagandukiwa, na bibi yake mwenyewe akabonyeza." Akasimama, akajipangusa. "Ndiyo yako njo ilifungua. Hapana yako njo itafunga, na kidole ile ile. Hakuna mwenye atakufanyia."

"Clovis alisema nikisimamisha, picha zote zinakufa. Mabukwe hataona tena sura ya mwana wake."

"Chagua, mama. Lakini chagua mbio, juu hapo kwa mugongo minye sasa naona kitenge tu."

Bunduki zikaanza kulia upande wa mulima. Ilikuwa mu saa za jua kali, na mara moja Kasenga ikafungika: madirisha, milango, pikipiki zikapotea, mbuzi tu akabaki mu barabara. Bale babiri bakafika ku studio. Mulango ilikuwa wazi. Ndani, sababu ya madirisha ya mabati yaliyofungwa, kulikuwa giza ya mchana, ile giza yenye inanuka joto. Na chini ya joto kulikuwa harufu ya matope ya ziwa, na chini ya matope harufu ya chuma, ile Clovis alizania sabuni ilishaitosha.

Na klavye ilikuwa inalia. Tak-tak, tak, tak-tak-tak. Polepole, kwa utulivu, sawa muntu anaandika barua kwa rafiki.

"Ingia," Sidonie akanong'ona. "Minye nikiingia, nitaisha. Nitakuombea hapa ku kizingiti. Na usikie: ikikuita, usiitike."

Kankindi akaingia. Ekrani ilikuwa inatupa mwanga ya maji ku ukuta, na mustari ya kijani ulikuwa umekaribia mwisho, umebakiza kipande ya ukucha, na mbele ya ekrani, ku kile kiti, alikuwa ameketi mwanaume na mugongo wa Venant, na shati ya Venant ya mistari, ile yenye alizikwa nayo, lakini safi, imepigwa pasi, bila tundu, na mushale wa suri ulikuwa unatembea ku ekrani unafungua picha moja moja, na mu kila picha Venant alikuwa anacheka.

"Kankindi," akasema bila kugeuka. Sauti ilikuwa yake kabisa, hata kale kakikohozi ka mbele ya kusema. "Karibu. Imebaki kidogo. Ikifika mwisho nitageuka unione."

Hakuitika. Machozi ilikuwa inashuka, na mwili yake yote ilikuwa inataka ile kugeuka, juu alikuwa amelala peke yake siku nyingi sana, na ile shingo aliijua, na ile sikio, na alijua akingoja tu, akingoja bila kufanya kintu, atalala usiku ule na bwana mu kitanda na mulango bila tundu ya risasi, na hatakumbuka hata kama kuna kintu alipoteza. Akapeleka mukono kwa nyuma. Kitenge ilikuwa tupu. Akasukuma mukono ndani zaidi, akapapasa, akapata kakintu sawa pumzi, joto kidogo ya kupotea mu vidole.

Akasogea mpaka ku meza. Akaweka mukono juu ya klavye, na pale vidole yake ikakuta vidole zingine, baridi na laini sawa samaki yenye ilikufa mu maji, na zile vidole zikapanda juu ya zake, zikazilalia, zikazikandamiza ku butoni, na kichwa ya ule mwanaume ikamuinamia karibu na sikio.

"Mama yangu anaimba," akanong'ona. "Unamusikia? Unataka anyamaze tena?"

Hapo Kankindi akavunja amri ya Sidonie. Akafungua kinywa.

"Kama weye ni Venant," akasema, "siku ya vita, ile uliniambia nikimbie, asubui yake, pale ku mutungi wa maji, nilikuambia kintu. Ulicheka mpaka ukaangusha kikombe. Nilikuambia nini?"

Vidole zikasimama. Bunduki zikalia mulimani, zikanyamaza. Ile kintu ikatafuta. Ilikuwa na siku zote za Venant mpaka ile ya disiki, na nyuma ya pale ilikuwa na damu tu.

"Uliniambia unanipenda," ikasema.

"Nilikuambia niko na mimba!" Kankindi akalia. "Jina yake ni Inamahoro, na baba yake alimucheka kwa furaha mbele ya kufwa! Hapana! Hapana! Hapana!" Na kidole, ile ile ya Oui, akaikokota chini ya ile baridi, ngozi ikachunika, mpaka pembeni, mpaka juu, akabonyeza kile butoni.

Ekrani ikafunga macho. Kiti ikaanguka. Upepo wa matope ukapita pembeni yake, ukatoka ku mulango, na Sidonie kule inje akapiga yowe na kuanguka ku mugongo.

Kiisha kukawa kimya. Kiisha mutoto akalia. Akalia na nguvu, kwa hasira, na mukojo moto ukashuka ku mugongo wa Kankindi mpaka ku visigino, na hakuna mama mu Uvira yote mwenye alishafurahia mukojo namna ile.

Sidonie aliinuka, akahesabu vidole yake, zote zikakamata kivuli. "Tazama," akasema, "minye tena. Na ndagala yangu zimekanyagwa bure."

Bakapanda Songo. Tundu ya risasi ilikuwa imerudi ku mulango. Pélagie alikuwa ameketi chini karibu na kinu, sombe imemwangika, na kilio yake ilikuwa ile ya siku ya kwanza, juu kwake Venant alikuwa amekufa sasa hivi, mara ya pili. Kankindi akaketi naye. Akataka kumufariji, akasema, "Mabukwe, alikuwa na sura nzuri, na..." Alikuwa ametafuta ile sura mu kichwa yake, na pale ilikuwa inaikala palikuwa hakuna kintu. Aliona shati. Aliona mikono. Juu ya kola, kweupe.

Akauliza Clovis. Clovis akashika kichwa, akalia. Pélagie mwenye alimuzaa, naye hakuipata.

"Haikutoka mikono mitupu," Sidonie akasema. "Uliinyima mutoto, ikabeba sura ya Venant. Imeivaa, imeenda nayo."

"Imeenda wapi?"

"Minye nauza ndagala, mama. Sijue njia zao."

Bakaganduka hivyo hivyo, kadre ya picha tupu ku meza, maua pembeni. Bantu balipita, bakainama mbele ya kioo, bakaona sura yao wenyewe.

Mutoto akakomaa. Akawa na meno, akawa na miguu. Pélagie alikuwa anamukamata kidevu mara nyingi, anamugeuza ku mwanga. "Huyu anafanana na muntu," alikuwa anasema. "Nani? Nani?"

Na mu kiangazi, saa za jua, Kankindi akisonga ugali, alisikia Pélagie anazungumza na muntu inje, na anacheka. Mugeni alikuwa anatafuta chumba ya kupanga. Mwanaume ya heshima, anasema polepole, nguo safi. Hakuna mwenye alimujua. Pélagie alishamuletea kiti na maji.

"Kankindi!" Pélagie akaita. "Kuya umuone. Ni muntu muzuri. Sijue mbona, roho yangu imemupenda mara moja."

Kankindi akatoka mpaka ku mulango, Inamahoro amekamata sketi yake. Mwanaume akasimama, akatosha kofia, akamuchekea.

Kankindi akaangalia ile sura. Akaiangalia na nguvu zake zote, paji, pua, midomo, akatafuta hata kintu moja ya kumwambia ndiyo ao hapana.

Haikumwambia kintu.

"Mwana wangu, mugeni anaungua ku jua," Pélagie akasema. "Mukaribishe."